Mzigo uitwe na kaunta, usisukumwe na stoo: Hesabu kwa wauzaji wa jumla wa Kahama na Ushetu

WAUZAJI wa jumla wa mji wa Kahama wanaolisha maduka ya rejareja ya Halmashauri ya Ushetu wanajua vizuri balaa la msimu wa mavuno: stoo imejaa bidhaa zisizotembea, na saa hiyo hiyo wenye maduka wa Ulowa, Bulungwa na Nyamilangano wanapiga simu kuulizia bidhaa ambazo hazipo. Fedha ya mfanyabiashara ipo lakini imelala ndani ya katoni, na mteja mwenye fedha mkononi anatoka dukani mikono mitupu.

Kwa kawaida lawama hupelekwa kwa barabara, kwa kiwanda au kwa riba ya benki. Yote hayo yana sehemu yake. Lakini sehemu kubwa ya hasara hii mfanyabiashara hujitengenezea mwenyewe kwa jinsi anavyoamua kitu gani kipakiwe kwenye gari. Wiki hii safu ya soko inaacha bei za mchele na mahindi pembeni na kutazama jambo hilo, ambalo wataalamu wa biashara huliita mnyororo wa ugavi unaoongozwa na mahitaji ya mlaji. Jina ni refu, maana yake ni fupi: kinachovuka kaunta ya duka la mwisho kijijini ndicho kiamue kitakachotoka stoo ya jumla, na kinachotoka stoo ndicho kiamue kitakachoagizwa Mwanza au Dar es Salaam.

Ushetu ni mahali pazuri pa kujifunzia hesabu hii kwa sababu fedha ya wilaya hii haitiririki mwaka mzima. Inakuja kwa mafungu. Halmashauri hii, iliyogawanywa kutoka Wilaya ya Kahama mwaka 2012, inategemea tumbaku, mpunga, mahindi na pamba, pamoja na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mpunga huvunwa kuanzia Mei. Masoko ya tumbaku hufunguliwa miezi hiyo hiyo, na mkulima analipwa kupitia chama chake cha msingi baada ya kukatwa mkopo wa pembejeo. Malipo yakichelewa hata mwezi mmoja, kijiji kizima kinachelewa kununua mabati, baiskeli na vitenge. Januari fedha kidogo iliyobaki inakwenda kwenye madaftari na sare za shule. Februari na Machi mvua zimeshika, barabara za ndani ni tope, na duka linaishi kwa chumvi, sabuni, kiberiti na sukari ya robo kilo.

Dhahabu nayo ina kalenda yake ambayo hakuna anayeijua. Wachimbaji wakisikia kuna rashi, yaani mahali palipotoka mawe mazuri, kambi inasimama ndani ya siku chache, iwe Mwabomba hapa Ushetu au Rwamgasa na Nyarugusu kule Geita. Duka la turubai linaloanza na tochi, betri, makoleo na soda linaweza kuuza kwa wiki moja kuliko duka la matofali la kijijini kwa mwezi. Mawe yakikatika, wateja wanahamia duara lingine na kumwachia mwenye duka mzigo wa mkopo.

Hata migodi mikubwa haina ahadi. Bulyanhulu ilipopunguza shughuli Septemba 2017, baada ya zuio la kusafirisha makinikia lililotolewa Machi mwaka huo, wafanyakazi wengi waliachishwa. Buzwagi, mlangoni kabisa mwa mji wa Kahama, ilianza kuzalisha mwaka 2009 na ikafikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Mwenye duka la Kakola au Kahama aliyekuwa akiagiza kwa kutazama mwaka uliopita alikuwa anaagiza kwa ajili ya wateja waliokwisha kuondoka.

OMBI SI MAUZO

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kudhani kwamba oda anayoleta mwenye duka ndiyo mahitaji ya wateja wake. Sivyo. Oda ni mahitaji ya wateja yaliyochanganywa na hofu ya mwenye duka, matumaini yake, na fedha aliyonayo mfukoni siku hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme duka moja la Ulowa huuza katoni 10 za sabuni ya mche kwa wiki, na mwenyewe hupenda kuanza kila wiki akiwa na akiba ya wiki mbili, yaani katoni 20. Wiki ya malipo ya tumbaku anauza 14. Anabakiwa na 6. Kwa kuwa sasa anaamini soko limefika 14 kwa wiki, anataka awe na 28, hivyo anaagiza 22. Ongezeko la kweli kaunta lilikuwa katoni 4, lakini simu iliyofika Kahama inasema 22.

Muuzaji wa jumla naye, kwa sababu mzigo wake unatoka Dar es Salaam, umbali wa kiasi cha kilometa 1,000, huweka akiba ya wiki tatu. Kwa ajili ya duka hili alikuwa na katoni 30. Anatoa 22, anabakiwa na 8. Anapiga hesabu ile ile: kama duka linataka 22 kwa wiki, lazima awe na 66. Anaagiza 58. Kiwandani sasa ongezeko la katoni 4 limekuwa oda ya katoni 58.

Wiki inayofuata malipo yamekwisha na duka linarudi kwenye katoni zake 10. Mwenye duka alikuwa na 28, anabakiwa na 18, anataka 20 tu. Anaagiza 2. Muuzaji wa jumla, ambaye mzigo wake wa 58 umeshuka asubuhi hiyo, anatoa 2 na kubaki na 64. Kwa mauzo ya kweli ya katoni 10 hiyo ni sabuni ya zaidi ya wiki sita, na hilo ni duka moja tu. Azidishe kwa maduka 40 anayoyahudumia, kisha ajiulize kwa nini hana fedha ya kununua mabati ambayo ndiyo yanaulizwa.

Hakuna aliyedanganya katika mfano huu na hakuna mjinga. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa upande wake. Jambo hili lilishughulisha kampuni kubwa za dunia kabla halijatufikia sisi. Procter & Gamble ya Marekani ilishangaa kuona oda za nepi za watoto zikipanda na kushuka kama mawimbi, wakati watoto wenyewe wanatumia nepi kwa kiwango kile kile wiki hadi wiki. Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilieleza kwa mfano wa mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Dawa waliyoikuta sokoni ilikuwa imeanza miaka ya 1980, pale Procter & Gamble ilipokubaliana na maduka ya Wal-Mart kuona takwimu za mauzo yenyewe badala ya kusubiri oda.

Msomaji atasema huko kuna kompyuta kila kaunta. Ni kweli, lakini asikimbie. Mfano wa karibu zaidi upo hapa hapa Tanzania na ulitumia simu ndogo za mkononi. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Wizara ya Afya pamoja na washirika wake, wakiwamo Novartis, Vodafone na IBM, walijaribu mpango uitwao SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya afya 129 viliulizwa kwa ujumbe mfupi, mara moja kwa wiki, vimebakiwa na dawa ngapi za malaria. Aliyejibu kwa wakati alipewa salio la simu. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 vilibaki asilimia 26.

Hapo siri haikuwa simu. Kila wiki mtu alijua kilichobaki rafuni, na dawa ziliweza kuhamishwa kutoka palipozidi kwenda palipopungua. Zahanati si duka, lakini rafu ni rafu.

TULIKOTOKA NA MZIGO WA KUSUKUMWA

Wafanyabiashara wenye umri wanakumbuka ilivyokuwa. Baada ya Shirika la Biashara la Taifa kugawanywa kuwa kampuni za biashara za mikoa mwanzoni mwa miaka ya 1970, bidhaa zilikuja kwa mgao. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi yake, na baada ya muda mfupi Serikali yenyewe ililazimika kulegeza. Ilipofika miaka ya uhaba baada ya Vita vya Kagera, duka lilipokea kilichokuwepo, si kilichohitajika. Milango ilianza kufunguka mwaka 1984, walipoanza kuruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni.

Tumeachana na mgao, lakini fikra za mgao bado zimo ndani ya magari yetu. Kijana wa mauzo anayelipwa kamisheni kwa idadi ya katoni alizoshusha anafanya kazi ile ile ya kusukuma. Anafika Idahina, anamkuta mwenye duka ana biskuti za kutosha, anamshusha nyingine kumi kwa mali kauli na kuondoka na hesabu nzuri. Bosi wake Kahama anaona mauzo. Hayo si mauzo. Stoo imehamia Idahina bila kodi ya pango, na deni limeandikwa kwenye daftari. Mwezi wa tatu biskuti zinakaribia kwisha muda wake, mwenye duka hapokei simu, na urafiki umekufa.

Viwanda navyo vina mchango. Ofa ya mwisho wa mwezi, ya kununua katoni kumi na kupewa moja, humfanya muuzaji wa jumla anunue mahitaji ya miezi miwili kwa siku moja, kisha akae bila kununua. Ofa ni nzuri kama bidhaa inakwenda. Kama haiendi, ile katoni moja ya bure inalipiwa na fedha iliyolala kwenye kumi.

Hofu ya uhaba ni mbaya kuliko zote. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini, baada ya mvua nyingi kuvuruga uzalishaji viwandani, kila mfanyabiashara alijua kwamba akiomba mifuko minane hataipata yote. Katika hali kama hiyo mtu anaomba ishirini ili apate minane. Msambazaji akizichukua oda hizo kuwa za kweli, anajiandalia hasara siku sukari itakaporudi na oda zote zikafutwa kwa wakati mmoja. Kipindi cha uhaba, mwenye akili hugawa kwa kutazama duka liliuza ngapi kabla ya uhaba, na hajali limeomba ngapi.

DAFTARI LA KAUNTA

Muuzaji wa jumla wa Kahama afanye nini, basi? Si lazima aanze na maduka yote wala bidhaa zote. Achague maduka kumi anayoyaamini na bidhaa sita zinazotembea kila siku, kwa mfano sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kula, betri na soda. Kila duka lipewe daftari la shule lenye safu tatu: kilichokuwapo Jumatatu, kilichopokelewa, kilichobaki Jumatatu iliyofuata. Jumlisha viwili vya kwanza, toa cha tatu, umepata mauzo. Mwenye duka anayatuma kwa ujumbe wa simu, au dereva anayanakili anaposhusha mzigo.

Kuanzia hapo mwenye duka hana haja ya kuagiza kwa kubahatisha. Wanakubaliana kiwango: mauzo ya kawaida ya muda kati ya gari moja na jingine, na akiba kidogo ya dharura. Duka linalouza katoni 12 kwa wiki, lenye akiba ya 4 na gari la kila wiki, linatakiwa kuwa na 16 gari linapoondoka. Likikutwa na 5, linashushiwa 11. Likikutwa na 15, linashushiwa moja, hata kama kijana wa mauzo ananuna. Masika barabara ya Bulungwa ikipitika mara moja kwa wiki mbili, kiwango kinapanda kwa sababu ya barabara. Wateja hawajaongezeka, na asije mtu baadaye akasoma hesabu hiyo vibaya.

Faida ya kwanza kwa muuzaji wa jumla ni mtaji kuzunguka. Anayezungusha fedha yake mara mbili kwa mwezi kwa faida ndogo humpita anayezungusha mara moja kwa faida kubwa, na benki haimdai riba ya bidhaa zilizolala. Ya pili ni mkopo. Mali kauli itaendelea, biashara ya vijijini haiwezi kusimama bila hiyo, lakini sasa anampa yule ambaye daftari linaonyesha anauza. Mwenye maneno mazuri atasubiri. Duka la machimboni likionyesha sabuni na soda zimeshuka wiki mbili mfululizo, watu wameanza kuhama. Huo ndio wakati wa kupunguza mkopo na kukusanya deni, kabla turubai halijakunjwa.

Faida ya tatu watu wengi hawaioni mapema: ukubwa wa mzigo. Mwenye duka kijijini hana nafasi wala fedha ya kununua nyingi kwa mara moja. Coca-Cola ililitambua hilo Addis Ababa mwaka 1999, ikaanzisha vituo vidogo vinavyoendeshwa na wafanyabiashara binafsi, vikisambaza kreti kwa mikokoteni kwa maduka ya jirani, mara nyingi na kwa uchache. Mtindo ukaletwa Tanzania, na miaka kumi baadaye vituo hivyo vilikuwa vinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya kampuni katika nchi hizo mbili. Mtu anayemiliki nyumba yenye kufuli Nyamilangano au Ukune na bodaboda mbili anaweza kuwa kituo cha namna hiyo kwa mfanyabiashara wa Kahama. Gari kubwa lifike kwake likiwa limejaa. Robo katoni ziondoke kwake kwa pikipiki.

KINACHOKWAMISHA

Tusijidanganye kwamba wenye maduka watatoa takwimu zao kwa furaha. Kuna hofu mbili, na zote zina msingi. Moja ni kwamba karatasi yenye mauzo inaweza kuishia mezani kwa afisa wa kodi. Nyingine, kubwa zaidi kwa maoni yetu, ni kwamba muuzaji wa jumla akishajua kaunta fulani ya Bulungwa inauza kiasi gani, atafungua duka lake mlango wa pili. Imekwisha kutokea katika miji mingi, na anayefanya hivyo mara moja tu hataona daftari la mtu tena. Njia ya kuanzia ni kuandika idadi za katoni tu bila bei, na muuzaji wa jumla atoe kitu kwa malipo ya taarifa: bei ile ile kwa msimu mzima, haki ya kurudisha kisichouzika kabla ya muda wake kwisha, au kupewa kwanza bidhaa zikiadimika. Taarifa ni mali, na mali hainunuliwi kwa asante.

Kijana wa mauzo naye abadilishiwe malipo. Kamisheni yake ihesabiwe kwa fedha iliyokusanywa kutoka maduka ambayo hayajaishiwa, katoni alizoshusha zisihusike. Bila hilo daftari litajazwa uongo kabla ya wiki ya pili, maana yeye ndiye atakayelijaza.

Ipo pia mipaka ya utaratibu wenyewe. Daftari linaeleza wiki iliyopita; halijui kwamba tumbaku inalipwa Ijumaa. Bidhaa za msimu, kama mabati, baiskeli, magodoro na sola, haziwezi kungoja kaunta iite, kwa sababu kutoka oda hadi kufika ni majuma, na fedha ya mkulima haikai mfukoni majuma. Hizo zinahitaji kusikiliza upande mwingine: chama cha msingi kimefikia wapi na masoko, kampuni imelipa au haijalipa, mpunga unauzwa au watu wanausubiria bei. Mfanyabiashara mwenye mtu wa kumpigia simu katika kila kata ya tumbaku anajua mabati yaondoke Mwanza lini. Asiye na mtu huyo huyapakia Mei kwa mazoea, na mwaka ambao malipo yanafika Agosti, mabati yake yanakaa nje yakipigwa na jua huku akilipa riba.

Kwa hiyo bidhaa za kila siku zifuate daftari, na za msimu zifuate malipo ya tumbaku. Atakayetaka kujaribu msimu ujao aanze na maduka yake kumi Februari, wakati biashara ni baridi na makosa ni rahisi, ili masoko ya tumbaku yakifunguliwa awe ameshajua kila kaunta inauza ngapi siku za kawaida.